Habari Mbaya za Karani

Kimulot,
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Chepngeno mwanangu,

Chamgei. Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa baba mkubwa Isaiah na kutoka kwa Bilhah wa duka. Natumaini baridi ya huko shuleni haikusumbui na kwamba unakula. Sisi hapa sote ni wazima, wasiwasi wetu ni kwako wewe uliye mlangoni mwa mtihani.

Barua hii nimempa Marcella, maana muhula huu hawaruhusu mzazi kukanyaga huko, na yeye kama mpishi wa shule hakuna wa kumzuia langoni. Lakini mdomo wa Marcella naujua. Angekwambia tu, na angekwambia vibaya, kwa hivyo wacha nimtangulie.

Karani aliugua. Usiruke mistari, soma pole pole.

Nilimwona anachuchumaa kwenye jivu la meko, anajikamua, hakitoki kitu. Nikasema tumbo limefunga, nikampa kijiko cha mafuta, akatapika. Jioni hakunifuata kituo cha majani chai. Unajua tangu marehemu kaka yangu, baba yako, ampe jina hilo, yule paka hajakosa siku ya kupima majani. Anakaa kando ya mizani kana kwamba kilo zetu zinamhusu. Siku hiyo kila mtu aliniuliza, "Rodah, na karani wako?" Nikarudi, nikamkuta chini ya kitanda chako, tumbo gumu kama limau, na nilipoligusa alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama.

Nikamtia kwenye kikapu cha majani, nikamfunika leso, nikampeleka Kericho kwa Daktari Oyoo. Huyo hasa ni daktari wa ng'ombe, lakini mikono yake ni myepesi. Alisema paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba kama uzi, na yake imezibwa na chembe kama mchanga. Akaizibua kwa mrija. Ikaziba tena. Mwishowe akampasua, akaiondoa ile sehemu nyembamba, akamshonea tundu pana. Sasa ameumbwa kama paka jike, ila usimwambie, majivuno yake bado yako palepale.

Yuko nyumbani. Amevishwa kitu cha plastiki shingoni asijirambe nyuzi. Hatakiwi kutoka nje, wala kukanyaga udongo au jivu, anajisaidia kwenye magazeti yaliyochanwa. Apewe maji kwa wingi, chakula chake kilowe. Panadol ya watu ni marufuku, daktari alisema itamuua kabla ya mkojo kumuua. Kimulot yote imecheka kusikia paka amefanyiwa upasuaji. Wacha wacheke. Mimi mwenyewe ningecheka, angekuwa paka wa mtu mwingine.

Usiulize pesa. Wewe soma.

Ni mimi,
Senge wako, Rodah.


Shuleni,
Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Mpendwa Senge,

Salamu sana. Mimi sijambo, baridi nimeizoea, na githeri ya Marcella pia nimeizoea. Natumaini wewe na baba mkubwa mko salama.

Senge, usikasirike. Barua yako siiamini.

Umeanza na "sisi hapa sote ni wazima." Nilipokuwa nafanya mtihani wa darasa la nane uliniandikia vivyo hivyo, neno kwa neno, na baba alikuwa mochari. Nilimaliza karatasi ya mwisho, nikatoka nikiruka na wenzangu, nikakuta gari la baba mkubwa langoni na watu wamekaa ndani kimya. Mpaka leo mtu akiniambia nyumbani ni wazima, namuuliza ni nani amekufa.

Sasa ni mtihani tena, na kuna mgonjwa tena. Na huyu ni paka wa baba. Unaelewa ninavyoogopa? Darasani namsikiliza mwalimu, kumbe namhesabia Karani matone.

Nakuomba kitu kimoja. Usiniandikie mazuri matupu. Najua nyumbani kwetu, wiki haiwezi kuisha bila jambo baya. Ukiniletea barua isiyo na habari mbaya hata moja, nitajua Karani amekufa, na sitangoja mtu aje langoni kuniambia.

Anakojoa? Mara ngapi? Una rangi gani? Nyuzi zimevimba? Hayo ndiyo ninayotaka, Senge. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo ulinifundisha wewe.

Mwanao,
Chepngeno.


Kimulot,
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Chepngeno,

Salamu. Afya zetu nitazileta kwa zamu yake, kwa kuwa umenikataza kusema wazima kabla ya kutoa ushahidi.

Kwanza, adabu. Mwaka ule wazee walikaa wakasema mtoto asivunjwe moyo mbele ya mtihani, na huku kwetu hakuna boma lisilofanya hivyo. Hata Bilhah, ambaye ni Mkikuyu wa Kedowa, anasema kwao ni hivyohivyo. Ulifaulu au hukufaulu? Basi.

Pili, ulitaka habari mbaya. Fungua mikono upokee.

Jumatano ilinyesha mvua ya mawe. Majani yote ya upande wa msitu yamechanika, hata mbuzi hawezi kuyatamani. Yule kuku mwekundu amekufa, sijui kwa nini, labda kwa kunichukia. Panya wamejua Karani amefungwa, wanatembea juu ya mahindi yangu bila haraka.

Karani alivunja ile plastiki ya shingoni. Bilhah akakata nyingine kutoka kwa ndoo ya mafuta ya kupikia, kwa hivyo sasa paka wako ameandikwa "kilo kumi" shingoni. Haoni mbele, anagonga miguu ya meza, halafu ananitazama kama mimi ndiye niliyeisogeza meza. Chakula hakigusi mpaka nikae naye chini sakafuni na kumshikia sahani. Goti langu moja halitaki kukunjuka, na hiyo pia ihesabu kuwa habari mbaya.

Sasa mkojo, kwa kuwa binti yangu amekuwa daktari. Unatoka. Ni matone, wakati mwingine mchirizi mdogo, na una uwekundu. Daktari Oyoo kwa simu anasema uwekundu wa siku za kwanza si wa kutisha, wa kutisha ni ukavu. Magazeti analeta Bilhah kutoka dukani, yale ya kufungia sukari. Karani anakojolea wanasiasa na mimi sijamkataza.

Nyuzi zimevimba kidogo upande mmoja. Nimekwambia.

Jambo la mwisho ni mlango. Mchana kutwa mlango wetu umefungwa asitoroke, na hilo halijawahi kuonekana katika boma hili. Jana Mama Chepkemboi wa kanisa alipita akauliza kama nina ugonjwa wa kuambukiza. Nilipomweleza, akasema akina mama watakuja Jumapili ijayo kumwona mgonjwa na kuomba. Nikasema karibuni. Ningesema nini?

Senge wako,
ambaye si mwongo.


Shuleni,
Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Mpendwa Senge,

Salamu nyingi kwako na kwa goti lako. Sijawahi kufurahia kifo cha kuku namna hii. Niliposoma "labda kwa kunichukia" nilicheka hadi mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza kama nimepokea barua ya mvulana.

Nilimuuliza Mwalimu Obure wa Bayolojia, bila kumwambia kwa nini. Amesema mnyama aliyeshonwa pale hatari zake ni mbili, kujiramba, na kovu kukaza mpaka tundu lizibe upya. Umpe supu ya omena, hao dagaa wa ziwani, Senge, isiyo na chumvi, mpaka achoke. Ile plastiki isitoke hata dakika moja mkiwa hamko naye.

Na hao akina mama wa kanisa. Tafadhali. Waombe wakiwa mbali. Wasimshike.

Wiki ijayo tunaanza mitihani ya vitendo. Naogopa, lakini ni woga wa kawaida, wa mtihani. Huo naujua.

Niandikie Jumapili, hata mstari mmoja, lakini uwe mbaya.

Mwanao,
Chepngeno.


Kimulot,
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Mpendwa Chepngeno,

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema kama ilivyo kwetu. Sisi hapa sote ni wazima. Karani ni mzima na anaendelea vizuri. Mvua ni nzuri na majani yanachipuka vizuri. Baba mkubwa anakusalimu, anasema umtangulize Mungu na usome kwa bidii, kwa maana elimu ndiyo urithi.

Usiwe na wasiwasi wowote.

Senge yako,
Rodah.


Shuleni,
Ijumaa, 31 Oktoba 2025

Senge,

Amekufa.

Jumapili ile nyingine Marcella alirudi mikono mitupu, nikajiambia ni wageni, umechoka. Jumapili hii akaniletea ukurasa nusu. Nimetafuta humo panya, mvua ya mawe, goti. Hakuna. "Mvua ni nzuri." Wewe tangu lini mvua ikawa nzuri? Ikinyesha unalalamika, isiponyesha unalalamika. Mwandiko ni wako lakini maneno ni ya baba mkubwa Isaiah. Hata "Senge yako" si wewe, wewe huandika "wako."

Nilimuuliza Marcella. Alinitabasamia, akaniongezea githeri. Darasa la nane ilikuwa hivyohivyo, Senge. Hakuna aliyeniambia kitu, lakini walimu wote walinitabasamia wiki nzima, mmoja akaninunulia mandazi. Nilijua kuna jambo. Nilifanya mtihani ule nikiutazama mlango.

Sikulaumu kwa paka. Paka hufa. Nakulaumu kwa sababu nilikuomba kitu kimoja.

Jumatatu ni karatasi ya kwanza. Nitakaa tena nikitazama mlango. Usiniandikie mpaka nije nyumbani.

Chepngeno.


Kimulot,
Jumapili, 2 Novemba 2025

Chepngeno mwanangu,

Hajafa. Soma tena. Hajafa.

Barua yako Marcella aliniletea shambani jana. Niliisoma katikati ya mistari ya chai, nikakaa chini kwenye matope, kikapu mgongoni. Umenikataza kuandika, na mimi nakukosea adabu.

Salamu nitazitoa nikizikumbuka. Sikiliza kwanza.

Akina mama walikuja baada ya ibada, wote, na Mama Chepkemboi mbele na kibuyu cha mursik. Wewe unajua. Mgonjwa hutembelewa na maziwa, na maziwa ya kibuyu yakiletwa hayarudi. Nilisema daktari amekataza. Nilisema hivyo kwa sauti ndogo, na nilisema mara moja tu. Mama Chepkemboi akasema, "Rodah, hata daktari alinyonya." Wakacheka. Nikaenda jikoni kupika chai ya wageni. Niliporudi walikuwa wamemvua ile ndoo shingoni, ati ale kama mtu, na yule mjinga alikuwa amemaliza bakuli zima la mursik, masharubu meusi kwa mkaa wa kibuyu, amelala kwenye mapaja ya Mama Chepkemboi anajiramba. Wakaomba. Wakaomba sana na kwa muda mrefu, na muda wote huo anajiramba, na mimi nimefumba macho kwa heshima.

Hilo ndilo lililotokea. Niliogopa kumwaibisha mgeni kuliko nilivyomwogopea mgonjwa.

Tumbo likamwendesha, kidonda kikachafuka, nyuzi mbili zilikuwa zimeshatoka. Jumanne kilivimba. Alhamisi magazeti yalibaki makavu. Nikamrudisha Kericho kwa kikapu kilekile. Tangu siku hiyo yuko kwa Daktari Oyoo na mrija, na sindano za kukausha usaha.

Jumapili iliyopita Isaiah alikuja akanikuta nimeshika kalamu. Akasema, "Rodah, mtoto ana mtihani. Wataka kumharibia?" Akakaa meza ileile, kiti kilekile cha mwaka ule, akaniambia andika. Nikaandika. Nilikuwa nimechoka, na ni raha kuandika "wazima", mwanangu, ukiandika unakaribia kuamini.

Sasa jambo lenyewe. Kovu limekaza, kama alivyokwambia mwalimu wako. Kesho asubuhi daktari atamfungua mara ya pili. Amesema nyama ya kushonea imebaki kidogo, na hakuniahidi kitu. Nilimbana aniahidi, akakataa. Wewe utakuwa umekaa kwenye dawati na yeye amelazwa mezani, saa ileile.

Sijui kama ataamka. Sikufichi lolote, hapa ndipo ninapojua mwisho. Ningeweza kungoja hadi kesho jioni nikuandikie nikiwa na jibu, na ungelipata wiki ijayo, na Isaiah angesema hiyo ndiyo busara. Lakini nimeona heri tusijue pamoja, kuliko mimi nijue na wewe utazame mlango.

Ukianguka mtihani, uanguke ukiwa na habari zote. Lakini usianguke.

Mlangoni hakuna mtu atakayekuja. Nimewaambia wote, Isaiah nimemwambia kwa sauti kubwa: habari za mtoto huyu zitatoka mkononi mwangu.

Nina hofu, Chepngeno. Samahani kwa mwandiko.

Senge wako,
Rodah.


Shuleni,
Ijumaa, 7 Novemba 2025

Mpendwa Senge,

Salamu. Pole kwa matope.

Barua yako niliisomea jikoni Jumapili jioni. Nililia, na Marcella akanisukumia vitunguu na kisu ili matroni akipita asiulize kitu. Nikakata vitunguu vya shule nzima. Halafu nikaenda kulala, na Senge, nililala.

Jumatatu nilipokea karatasi, nikamfikiria Karani mezani, nikamwambia haya, wewe fanya yako na mimi nifanye yangu. Sikutazama mlango. Mwalimu Obure alinitabasamia nikamtabasamia pia, kwa sababu lilikuwa tabasamu tu.

Leo ni Ijumaa na bado sijui. Nina wasiwasi. Lakini kimya hiki nakijua ni cha nini. Ni cha Marcella, ambaye haji huko mpaka kesho. Si cha kunificha.

Kama amekufa, mzike upande wa kituo, aone mizani. Kama hajafa, yule mama na kibuyu chake wasimkaribie tena, hata wakija na askofu.

Niambie lolote lile.

Mwanao,
Chepngeno.


Kimulot,
Jumapili, 9 Novemba 2025

Chepngeno,

Salamu, na hapo ndipo heshima zangu zinapokomea, nina mengi ya kulalamikia.

Ng'ombe amepiga teke ndoo ya maziwa ya asubuhi. Buti langu la kushoto linaingiza maji. Majani ya upande wa msitu yanachipuka, lakini kwa uvivu, na hiyo mvua ya kuyaotesha imeniharibia kuni. Bilhah amenikasirikia, magazeti yamemwisha na sasa anafungia watu sukari kwa karatasi za kalenda.

Baba mkubwa wako amehamia mlangoni. Nilipomsomea ile barua yako ya kutazama mlango alichukua kofia yake. Aliondoka. Kesho yake akarudi na kigoda, akakiweka nje ya mlango wangu, na tangu hapo hakuna binadamu anayepita. Mama Chepkemboi alikuja Ijumaa na kibuyu. Isaiah akasimama, akamwambia, "Mama, asante, mgonjwa hapokei wageni." Mimi nilikuwa ndani, nilitaka ardhi inimeze. Kibuyu kikabaki mlangoni, maana mursik haurudi, na Isaiah akaunywa wote peke yake. Tumbo linamsumbua. Sijampa pole.

Kuna mengine. Kikombe cha baba yako, kile cha bluu, kimevunjika. Kiliangushwa kutoka mezani jana, makusudi, na mtu mwenye ndoo shingoni. Mtu huyo pia amenikwaruza mkono nikimpa dawa, na amekataa omena, sasa anataka nyama.

Na habari mbaya kuliko zote nimeiweka mwisho. Leo asubuhi nilisahau kufunga chumba chako. Nikamkuta juu ya kitanda, katikati, juu ya lile shuka jeupe nililokutandikia kwa siku utakayorudi. Amechuchumaa. Nikataka kupiga kelele, nikasikia. Si matone, Chepngeno, wala mchirizi. Ulikuwa mrefu, na ulimiminika bila yeye kujikamua, na alinitazama muda wote usoni. Nilisimama pale nikalia kwa sauti mpaka Isaiah akaingia mbio, kofia mkononi, akidhani ni msiba. Nikamwonyesha kitanda.

Uliniomba ushahidi. Shuka nimelifua mara mbili. Liko kwenye kamba linakauka, na alama haijatoka.

Senge wako,
Rodah.